Namba Iliyokaa Kwenye Friza ya Tatu

Meza ya cherehani ilikuwa imeshafika ghorofa ya kwanza nilipopata akili ya kwenda kushika mlango. Wachukuzi wawili walikuwa wanaishusha huku wakigombana kwa pumzi, huyu anasema inua, yule anasema nimeinua tangu saa ile. Mke wangu alikuwa ametangulia na kichwa cha cherehani mikononi, amekiviringisha blanketi kama mtoto mchanga. Nyuma yake alishuka binti yetu, ambaye tangu utotoni tunamwita Vifungo, amebeba karai lenye mitungi minne ya vifungo. Alishuka ngazi moja moja, na kila aliyetaka kumpokea karai alimfanya asimame palepale mpaka mkono wa yule mtu uondoke.

Mimi nilibaki juu nimeshika mlango. Mlango wenyewe ulikuwa umewekewa tofali, haukuwa na haja yangu. Shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, ndiye aliyekuja kuwahamisha. Alipopanda kuchukua mfuko wa mwisho wa vitambaa, alinitazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Shemeji, achia huo mlango," aliniambia. "Wenyewe hauhami."

Wachukuzi walicheka kule chini. Na mimi nikacheka, maana mtu akikosa la kufanya hucheka na wenzake.

Hapakuwa na ugomvi. Afadhali ungekuwepo, ningejua pa kushika. Mke wangu alikuwa amesema tu kwamba kwa dada yake kuna chumba kikubwa cha kukatia nguo, na kwamba msimu wa sare za shule umekaribia. Jambo hilo lilikuwa kweli tupu, kwa hiyo sikuweza kulibishia.

Vifungo alipanda tena peke yake. Hawezi kuondoka mahali bila kuhakikisha soketi zote zimezimwa. Alizima ya sebuleni, akazima ya chumba cha kushonea, akaenda jikoni. Alipomaliza akasimama mbele yangu akitazama kola ya shati langu, kama anavyofanya akizungumza na mtu yeyote.

"Baba, lile gazeti limesema 'huenda' mara tisa," aliniambia. "Na mara mbili limesema 'bado haijathibitika'. Wewe ulimsomea mama ukayaruka maneno hayo."

Kisha akashuka. Nilisikia lango la pikapu likifungwa, injini ikakohoa, wakaenda.

Sasa nieleze habari ya hilo gazeti.

Mimi ni fundi wa majokofu. Shule niliisoma vipande vipande, darasa huku, darasa kule, lakini gesi na kompresa nazijua kwa masikio. Kazi hiyo imenipeleka miji mingi. Naitwa kufunga chumba cha baridi wiki mbili, narudi nyumbani baada ya miezi minane, na sababu ya kuchelewa ninayo kila mara. Mke wangu alikuwa anashona, nyumba inakwenda, kwa hiyo nilijiona mtu ninayetafuta riziki wala si mtu anayekimbia.

Kabla ya Vifungo tulipoteza mimba mbili. Ya tatu ilikuja mke wangu akiukaribia umri wa miaka arobaini. Kwa ajili ya umri huo madaktari walimchoma sindano tumboni wakavuta maji kidogo yale yanayomzunguka mtoto, wapime kama yuko salama. Alikuwa salama. Maji yaliyobaki walimwomba wayahifadhi kwa utafiti wa miaka mingi, wapime homoni zilizomo, kisha wawafuatilie watoto wanavyokua. Alitia saini, akapewa kadi yenye namba, akaiweka kwenye kopo la kadi za kliniki. Hata mimi niliiona, nikaona ni mambo ya hospitali.

Mtoto akazaliwa vizuri. Alipofika miaka mitatu alikuwa bado hajamwita mtu mama, lakini vifungo vya mama yake alishavipanga kwa rangi, kisha kwa idadi ya matundu, kisha kwa uzito, na ukikosea kurudisha kimoja analia mpaka sauti inakauka. Daktari akasema ni usonji. Mimi nilikuwa mbali, nafunga majokofu ya machinjio. Niliambiwa kwa simu, nikasema nitakuja wiki ijayo, nikaja baada ya miezi minne.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Wapo waliosema jicho baya, wapo waliosema mtoto hakuzungumzishwa vya kutosha. Lakini mama yangu mzazi, ambaye hakumtaka mke wangu tangu siku ya kwanza, alikuwa na yake. Mke wangu huota vinywele kidevuni. Ni shida ya homoni anayo tangu usichana, na ndiyo pia iliyomchelewesha kupata watoto. Kila asubuhi ya Jumapili alikuwa anakaa dirishani na kioo na kibanio, anaving'oa kimoja kimoja. Mama yangu alizoea kusema mbele ya wageni kwamba mwanawe ameoa mwanamume mwenzake, sasa mtoto angetokaje sawasawa. Wageni wanacheka. Mke wangu naye anacheka, anaendelea kuwamiminia chai. Mimi, zile siku chache nilizokuwepo, nilikuwa naangalia chai.

Magoti yalipochoka nilirudi nikasema safari hii nakaa. Vifungo alikuwa na miaka ishirini na miwili, anatoboa matundu ya vifungo na kushona vifungo vya sare zote za mama yake, na hakuna sare iliyowahi kurudishwa kwa kifungo kupinda. Nilikaa nao miezi mitano. Nilikuwa najifunza nyumba ile kama mgeni: kikombe kipi si changu, saa ngapi redio huzimwa. Mezani mke wangu alikuwa na rundo la magazeti ya zamani ya kukatia paterni, na siku moja, nikimsubiri amalize kola, nikalivuta moja nikasoma.

Liliandika habari za watafiti. Kwamba mtoto aliyekutana na homoni nyingi za kiume akiwa tumboni huenda akawa na tabia nyingi zaidi za usonji. Kwamba wapo wanaochunguza pia akina mama wenye shida ya homoni, wale wanaoota ndevu.

Nilifurahi. Nakiri hilo. Kazi yangu imenizoesha hivyo: ukishajua gesi inavujia wapi, umemaliza nusu ya kazi. Niliona nimempatia mke wangu kitu cha kumpumzisha. Kwamba si jicho baya, si malezi, ni maji tu na vilivyomo ndani yake, jambo lisilo na mkosaji. Nikamsomea kwa sauti juu ya mlio wa cherehani.

Akasimamisha mguu. Mkono wake ulipanda ukagusa kidevu, ukashuka.

"Kwa hiyo mama yako alikuwa anasema kweli," alisema.

Hapo ndipo nilipokuwa na nafasi yangu. Nami, mtu wa kutaka kueleza kila kitu kilivyo, nikajibu, "Kwa namna fulani."

Akamaliza kola. Akashona na ya pili. Wiki mbili baadaye nilikuwa nimeshika mlango.

Nyumba iliyohamwa na fundi cherehani haifagiliki ikaisha. Siku tatu niliokota pini, nyuzi, vipande vya chaki. Ilipokuwa meza pamebaki mistatili minne ya sakafu safi, nikawa naizunguka kana kwamba meza ipo. Nilipika kwa ajili ya watu watatu kwa mazoea ya miezi mitano, kisha nikala vilevile jioni, na kesho yake asubuhi. Jirani wa chini alinisalimia kwenye ngazi akauliza kama familia wamesafiri. Nikasema ndiyo, wamesafiri. Nilimpigia mke wangu simu akapokea, akaniambia mafuta ya taa ya akiba yako chini ya sinki, akauliza kama kuna lingine. Hapakuwa na lingine.

Ndipo nilipolikumbuka kopo la kadi za kliniki. Alikuwa ameliacha juu ya kabati la jikoni. Kadi ilikuwamo, imegeuka njano, namba inasomeka.

Maabara ya utafiti ule ilikuwa nyuma ya hospitali, na mtu wa kuwatengenezea mafriza nilikuwa mimi tangu niliporudi. Yalikuwa sita, yanashika baridi ya kuunguza vidole. Aliyeyatunza alikuwa mama mmoja mnene mwenye maneno, wenyewe wanamwita Mama Barafu. Alikuwa akisema mafriza ni waume bora kuliko walionao watu, kwa sababu yakiharibika yanapiga kelele.

Wiki ileile friza ya tatu ilipiga kelele. Kompresa ilikuwa imechoka. Kabla ya kuifungua ilibidi tuhamishie vichupa vyote kwenye friza ya sita, yeye akinisomea namba, mimi nikitia alama kwenye orodha. Tulikuwa tumefika trei ya tisa alipoisoma namba ya mke wangu. Kalamu ikasimama.

"Mzee, umeganda na wewe?" aliniuliza.

Nikamweleza. Aliposikia aliiweka trei chini. Akasema kichupa hicho kilipimwa zamani pamoja na vingine, na namba yake imo kwenye kompyuta, ila haitolewi. Fomu waliyotia saini akina mama inasema hakuna atakayepewa namba yake mwenyewe, kwa kuwa namba ya mtu mmoja haina maana yoyote. Nikamwambia kwangu inayo.

Kompresa ile ningeibadilisha kwa siku moja. Nilikaa nayo nne. Kila asubuhi nilimwambia kuna valvu haijafika dukani, na valvu yenyewe iko mfukoni mwangu. Nikawa nakaa pale nafungua skrubu na kuzifunga, namsimulia. Sikuwa na mtu mwingine wa kumsimulia. Nilimwambia habari ya mama yangu na wageni, na ya chai, na ya "kwa namna fulani". Hapo alinitazama kama mtu aliyeona nzi kwenye mboga.

"Ulisema hivyo, mzee? Kwa mdomo huohuo?"

"Nilisema."

Siku ya nne mchana aliigeuza skrini ya kompyuta upande wangu, akasema anakwenda kunawa mikono. Hakwenda. Alisimama tu na taulo.

Kwenye skrini hakukuwa na majina, ni nukta tu, mamia, kama mtu aliyemwaga pilipili manga. Kila nukta ni mtoto. Kulia zilikuwa za wenye homoni nyingi ya kiume kwenye yale maji, juu zilikuwa za wenye tabia nyingi za usonji. Alinieleza taratibu. Kwamba ukizitazama zote kwa pamoja zinapanda kidogo, kidogo sana, ukiondoa kumi tu kilima hakionekani. Kwamba wenzao wa kwingine wamepima wakakiona, na wengine wamepima wasikione. Kwamba yale maji sehemu yake kubwa ni mkojo wa mtoto mwenyewe, kwa hiyo kumtazama mama kidevuni ukadhani umeona kilichomo tumboni ni ujinga. Kisha akaigusa nukta moja kwa ncha ya kalamu. Ilikuwa juu, ndiyo, lakini kwa upande wa homoni ilikuwa katikati kabisa ya wasichana wenzake, imebanwa na nyingine kila upande.

"Namba ya kawaida," alisema. "Ya kawaida mpaka inachosha. Haya, lete hiyo valvu uliyoificha mfukoni, friza yangu ipone."

Nilifunga kompresa kwa saa mbili. Nikaenda kwa shemeji nikiwa na nguo za kazi.

Nyumba yake ilikuwa na kibaraza kipana, na wote watatu walikuwa hapo. Shemeji alikuwa anapiga pasi sare zilizokwisha, akanikaribisha kwa kusema kumbe mlango umeniruhusu kutoka. Vifungo alinisalimia, akaniarifu kwamba nimekuja na viatu vya kazini na kwamba ni Alhamisi. Mke wangu alikuwa anapindisha ukosi, hakuacha. Alikuwa amekonda shingoni. Nilikaa kwenye kigoda cha wateja.

Nilimweleza yote, nikaanza na mwisho kwa kuwa nilishindwa kusubiri. Nikamwambia namba ni ya kawaida, iko katikati, wala hali ya binti yetu haikutoka kwake, na mama yangu alikuwa muongo, na gazeti nililisoma vibaya, na naomba warudi nyumbani. Nilisema mengi. Sidhani kama niliwahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mkupuo mmoja tangu nimuoe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakata uzi kwa meno.

"Na ingekuwa kubwa?"

"Nini?"

"Hiyo namba yako, Fundi. Ingekuwa kubwa, ungekuja?"

Shemeji aliisimamisha pasi wima. Mimi nilitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa dogo, hata mtoto analiweza. Lakini nilijiona nilivyokuwa mbele ya ile skrini kabla kalamu haijagusa nukta, na nilijua kabisa nilichokuwa nimeshaamua: ikiwa kubwa, narudi nyumbani naiweka kadi kwenye kopo, natafuta mkataba mji mwingine.  

"Sijui," nilisema.

"Unajua." Hakuwa na hasira. "Swali la kama ilitoka kwangu mimi nimekaa nalo tangu huyu ana miaka mitatu. Sindano nilizochomwa, dawa nilizokunywa, ndevu zangu, yote nimeyapitia, naanza upya. Ulikuwa hupo. Sasa uko, na badala ya kuja kukaa nalo na mimi, umekwenda kuuliza friza."

Shemeji aligeuza uso akacheka kidogo, si kwa ubaya. Hata mke wangu midomo ilimcheza. Kisha akaweka ukosi mwingine chini ya sindano.

Vifungo ndiye aliyenisindikiza hadi barabarani. Alitembea hatua mbili mbele yangu. Tulipofika akauliza, akitazama kola yangu, yale maji yalikuwa ya mama au yake. Nikamwambia alivyoeleza Mama Barafu, kwamba sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe.

Akafikiri. "Basi namba ni yangu."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hukuniomba."

Nikasema ni kweli, sikumwomba. Haikuwa imenijia hata mara moja. Nikamuuliza kama anataka niitaje. Akasema hapana, ana miaka ishirini na miwili na anajijua alivyo, na sare sabini zinamsubiri. Akarudi ndani. Nilimsikia akifunga geti, akilifungua, akilifunga tena vizuri.

Mke wangu hakurudi. Hatukupeana talaka wala hatukurudiana, na watu wamechoka kuuliza. Bado anashona kwa dada yake, macho yamepungua, uzi anatungiwa. Shemeji alikatwa vidole viwili vya mguu kwa kisukari na anaiendesha nyumba kutoka kitini. Mama yangu alifariki mwaka uliofuata. Mke wangu alikuja mazikoni, akakaa na wanawake, akaosha vyombo, akaondoka bila kuagana nami. Utafiti ulichapishwa. Nimeambiwa unasema uhusiano huenda upo, ni mdogo, wapimwe watoto wengi zaidi. Mama Barafu alistaafu na sasa anauza sabuni. Friza ya tatu ilifanya kazi miaka minne mingine, ikauzwa chuma chakavu. Watafiti walimwandikia Vifungo wakitaka kuendelea kumfuatilia. Aliwajibu kwa barua kwamba hataki na kichupa chake kiondolewe, nao wakakiondoa. Ana miaka thelathini, anafanya kazi kiwanda cha nguo, idara ya ukaguzi, na hunipigia simu kila Jumapili kwa dakika nne. Mimi nilirudisha funguo za ile nyumba mwezi uleule. Nimepita miji mitatu tangu wakati huo. Sasa nina chumba nyuma ya bucha moja, nawatengenezea majokofu, na mkataba unaisha mwezi wa tisa.